Alama ya Keekee Iliyokosea Mahali: Kisa cha Slaidi ya Bastola ya Stenlesi

Slaidi iliyowekwa mezani kwangu, yaani kile kipande cha juu cha bastola kinachovutwa nyuma, ilikuwa ya bastola ya muundo wa 1911, ya chuma kisichoshika kutu ambacho sisi mafundi tumezoea kukiita stenlesi, nayo haikuwa na kasoro yoyote isipokuwa kitundu kimoja chenye umbo la faneli kwenye ubavu wake wa kushoto, mbele kidogo ya mistari iliyochongwa ya kushikia kwa vidole. Kitundu hicho kilikuwa na upana wa milimita 2 usoni na kina cha milimita 1.9 hadi nchani. Mwenyewe alikuwa amekifunika kwa utepe wa karatasi kama mtu afunikaye kidonda, na kabla sijaubandua alinitahadharisha mara mbili kwamba kosa lilikuwa lake, si la mwingine.

Kuziba kitundu cha ukubwa huo ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote. Kukiziba pasionekane ni jambo jingine, hasa kwenye stenlesi. Chuma cha kawaida kinaweza kupakwa rangi ya kuokwa, na chini ya rangi hiyo kiraka cha aina yoyote hujificha. Lakini slaidi hii haikuwa na rangi, uso wake ulikuwa chuma chenyewe kilichopigwa msasa kwa mistari myembamba inayokwenda sambamba na mtutu, na mwenyewe hakutaka kuivisha chochote. Kwa hiyo lililotakiwa kufanana lilikuwa ni rangi ya chuma, ugumu wake na mistari ya msasa, na kujaza shimo lilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi.

Mimi ni mkerezaji. Kazi nilijifunzia Tanga, na sasa naifanya katika karakana ya kutengeneza kalibu za plastiki katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwenye bastola ni mstaafu wa karakana hiyohiyo, mpenzi wa mashindano ya kulenga shabaha, ambaye miaka ya karibuni ameshikwa na baridi yabisi ya vidole. Bastola yake ina darubini iliyofungwa kwa mkono wa chuma uliokazwa ubavuni mwa fremu, yaani mwili wa chini wa bastola wenye mpini, na kupita juu ya slaidi, kiasi kwamba nafasi ya kuingiza vidole na kuikamata slaidi ni finyu hata kwa kijana. Slaidi ni kile kipande kirefu cha juu ambacho hurudi nyuma kila risasi inapotoka, kikatupa ganda tupu, kisha kikasukumwa mbele na springi na kuingiza risasi nyingine chemba. Lakini mara ya kwanza ni lazima mtu aivute kwa mkono wake, na springi hiyo haimhurumii mwenye vidole vinavyouma. Ndiyo maana alinunua kishikio kidogo cha kufungwa ubavuni mwa slaidi kwa skrubu mbili, kitu kinachojulikana sana kwa washindani wenye darubini, akaamua kutoboa matundu yake mwenyewe nyumbani.

Niseme mapema jambo la kisheria, kwa sababu ndilo lililonipa nafasi ya kuishika kazi hii. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, fremu ndiyo inayohesabiwa kuwa silaha na ndiyo inayobeba namba ya utambulisho. Slaidi ni kipuri. Sina leseni ya ufundi wa silaha, na sikuitaka bastola nzima karakanani. Niliipokea slaidi peke yake, ikiwa imevuliwa pini ya kufyatulia, springi na kila kidogo kilichomo ndani yake, na kazi ya kuiunganisha tena na kuikagua ilirudi kwa fundi mwenye leseni. Fremu na namba yake sikuviona.

Nilipouondoa utepe nilikuta wino wa buluu wa kuchorea bado haujafutwa, jambo lililonifurahisha, kwa kuwa mafundi wengi wakikosea hufuta ushahidi kwanza. Juu ya wino kulikuwa na mistari miwili ya kalamu ya chuma, mmoja kwa kila tundu la kishikio, na kitundu kilikuwa juu ya mstari wa mbele. Nilipima kutoka ukingo wa nyuma wa slaidi na kulinganisha na mchoro uliokuja na kishikio. Mstari wa mbele ulikuwa umepita mahali pake kwa milimita 4.3. Mstari wa nyuma, ambao haukuwa umetobolewa, nao ulikuwa umepita kwa milimita 4.3 hizohizo. Umbali kati ya mistari miwili ulikuwa sahihi kabisa.

Kosa la namna hiyo halitokani na kusoma vibaya mchoro. Mtu akisoma namba vibaya hukosea mstari mmoja, na akihesabu vibaya mistari hukosea kwa viwango tofauti. Lakini mistari yote ikihama kwa kiasi kilekile, kilichohama ni chanzo cha kipimo. Nilimuuliza kama alitumia kalipa ya dijitali, kile chombo cha kupimia chenye taya mbili, akakubali. Kalipa hizo zina kitufe cha kurudisha sifuri ambacho hufanya kazi popote taya zilipo, na mtu akikigusa kwa kidole gumba wakati taya zimeachana, basi kila kipimo kinachofuata hubeba uongo uleule kwa uaminifu mkubwa. Yeye alikagua mstari wa pili kwa kalipa ileile iliyochora wa kwanza, akaona vinakubaliana, akaridhika. Alipoanza kutoboa kwa biti fupi ya kuanzishia, ile yenye kincha chembamba na mabega yaliyochongoka, alisimama baada ya sekunde chache ili akiweke kishikio juu ya alama ahakikishe, na hapo ndipo alipoona. Angesubiri sekunde kumi zaidi, tungekuwa tunazungumzia slaidi nyingine.

Swali ambalo kila msomaji mwenye akili ya ufundi atauliza ndilo nililoanza nalo: kwa nini kishikio kisihamishwe mbele milimita 4.3, ili alama iliyokosewa iwe ndiyo alama sahihi? Kosa lingegeuka kipimo kipya na kazi ingekwisha siku hiyo. Nilimwomba akakibandike kishikio kwa utepe imara nyumbani kwake, kwenye slaidi iliyorudishwa juu ya fremu bila risasi, apime nafasi iliyobaki kati ya kishikio na mkono wa darubini slaidi ikiwa imefungwa. Kwa mahali palipoelekezwa na mchoro, nafasi ilikuwa milimita 2. Kukisogeza mbele milimita 4.3 kungekiingiza ndani ya mkono wa darubini. Njia hiyo ikafungwa.

Njia ya pili ilikuwa kutengeneza kishikio kipya chenye kitako kirefu zaidi upande wa mbele, kiifunike alama. Kitako cha awali kilifunika karibu nusu ya kitundu, na nusu nyingine ilibaki nje. Nyongeza ya milimita 1.5 ingetosha, lakini ingeacha nusu milimita tu kabla ya mkono wa darubini, na slaidi hairudi mahali pake kwa upole. Chuma kikigonga chuma kwa mwendo ule, mara elfu kadhaa kwa mwaka, nusu milimita si nafasi. Nakiri kwamba njia hii niliipenda na niliiacha kwa shingo upande, kwa sababu marekebisho bora ni yale yasiyogusa kipande kilichoumia.

Ya tatu ilikuwa kutofanya lolote. Kitundu kile hakikudhoofisha kitu chochote. Ubavu wa slaidi mahali pale una unene wa karibu milimita 8 kabla ya kufikia njia ya pini ya kufyatulia, na meno yanayoifungamanisha slaidi na mtutu wakati risasi inatoka yako mbele zaidi, mbali na pale. Nilimwambia hivyo waziwazi, na nikaongeza kwamba kishikio kikifungwa kitabaki kijishimo chenye umbo la mwezi mwandamo ambacho hakuna atakayekiona ila yeye. Alijibu kwamba yeye ndiye atakayekuwa akiitazama. Hoja hiyo haina jibu, nami nikaanza kazi.

Slaidi mpya haikuzungumzwa sana. Slaidi za muundo wa 1911 za mashindano hulinganishwa na fremu na mtutu wake kwa mkono, kwa kusugua kidogo na kujaribu tena, na slaidi hii ilikuwa imekaa na fremu yake kwa miaka mingi. Kuibadilisha kungegharimu bei ya kipande na bei ya kukizoesha, na ya pili ndiyo kubwa.

Barua ya mtengenezaji ilisema chuma ni cha daraja la 416. Hilo lilikuwa muhimu kuliko habari nyingine yoyote niliyopewa. Stenlesi ya sufuria na sinki, ambayo mara nyingi ni 304, haishiki sumaku na huchomelewa bila taabu. 416 inashika sumaku, inakazwa kwa moto kama chuma cha patasi, na ina kromiamu kati ya asilimia 12 na 14. Tena ina salfa iliyotiwa kwa makusudi, isiyopungua asilimia 0.15, ilhali ndugu yake 410 haruhusiwi kuzidi asilimia 0.03. Salfa hiyo hutengeneza chembe laini ndani ya chuma ambazo huvunja machicha ya kukereza yawe mafupi, na ndiyo sababu 416 ni raha kwa mkerezaji. Kwa mchomeleaji ni balaa, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka kinapoganda, salfa hukusanyika kwenye mipaka ya punje zinazoganda na kuacha utando dhaifu, nao ukivutwa na mnyweo wa kupoa hupasuka. Mipasuko hiyo mara nyingi haionekani mpaka msasa uipitie.

Nilipima pia ugumu, na hapa nina tahadhari ya kutoa. Kipimo cha Rockwell hufanya kazi kwa kukandamiza ncha ya almasi kwenye chuma, maana yake chenyewe huacha kishimo. Kumletea mwenye slaidi alama ya pili katika juhudi za kuondoa ya kwanza kungekuwa kichekesho, hivyo nilikandamiza upande wa chini, mahali ambapo hapagusani na kitu na hapaonekani bastola ikiwa imeunganishwa. Kilisoma 39 kwa kipimo cha C.

Kwa kuwa slaidi ilikuwa moja, tulianza na kipande chakavu. Nilikata ufito wa 416 kutoka kwenye mabaki ya karakana, tukaupasha moto katika tanuru hadi nyuzi 980 za Selsiasi, tukauzamisha kwenye mafuta, kisha tukaurudishia moto wa nyuzi 315 ili upungue ukali. Sikwenda juu zaidi ya hapo kwa sababu 416 ikirudishiwa moto kati ya nyuzi 400 na 580 hivi hupoteza ustahimilivu wake wa mapigo na sehemu ya uwezo wake wa kukataa kutu. Ufito ulisoma 38, karibu sawa na slaidi. Nikausawazisha ubavu mmoja, nikaupiga msasa kwa mistari, nikatoboa juu yake vitundu vinne kwa biti ya namna ileile aliyotumia mzee, kwa kina kilekile.

Kitundu cha kwanza kilijazwa kwa TIG, uchomeleaji wa cheche ya umeme chini ya gesi ya agoni, kwa waya wa 410. Chuma cha kundi hili hutakiwa kipashwe moto hadi kati ya nyuzi 200 na 300 kabla ya kuchomelewa na kipoe taratibu, nasi tulifanya hivyo. Baada ya kupiga msasa tuliona ufa mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa kiraka, na duara la chuma kilichoathiriwa na moto lilikuwa na upana wa mara kadhaa ya kitundu chenyewe. Duara hilo lilikuwa gumu kuliko chuma kilichokuwa nje yake, hivyo msasa ulilipunguza kidogo na jirani zake ukawapunguza sana, na ukilitazama kwa mwanga wa pembeni uliona kilima.

Cha pili na cha tatu tuliviziba kwa leza, mashine ambayo karakana za kalibu hutumia kurekebisha kingo zilizoliwa, kwa waya mwembamba na mapigo mafupi ya mwanga ambayo hayaachi moto usambae. Nilitarajia hii ndiyo itakuwa njia yetu, na nilikuwa nimeshamwambia mzee hivyo. Kwa waya wa 410 hatukuona duara la moto wala kilima, ila kwa kioo cha kukuzia tuliona vitundu vya ncha ya sindano na ufa mmoja mfupi, salfa ileile ikitudai. Kwa waya wa 309L, ambao una nikeli na kromiamu nyingi zaidi na unavumilia salfa kuliko 410, hapakuwa na ufa hata mmoja. Kiraka kilikuwa kizima na safi. Lakini tulipomaliza msasa kilikaa pale kama sarafu ndogo mpya iliyobandikwa kwenye chuma cha zamani, cheupe kuliko mazingira yake, na hakuna kiasi cha kusugua kilichoweza kukibadilisha, kwa kuwa tofauti haikuwa ya uso bali ya chuma chenyewe.

Lehemu ya fedha sikuijaribu. Rangi yake hujitangaza kutoka upande wa pili wa chumba. Kusukuma chuma cha kandokando kwa nyundo ndogo ili kifunike shimo nako hakukufaa, kwani njia hiyo hufaa kwa mikwaruzo na vishimo vya sehemu ya kumi ya milimita, na hapa tulikuwa na karibu milimita mbili.

Kitundu cha nne kiliwekewa plagi. Hii ni njia ya zamani kuliko zote nilizozitaja, na mafundi wa eneo la Gerezani kule Dar es Salaam wanaijua bila kufundishwa na mtu: tundu likikosewa, lipanue liwe safi, likate hesi, yaani meno ya skrubu, likaze kizibo cha chuma kilekile, kikate, kisawazishe. Hakuna moto. Rangi ni ileile kwa sababu chuma ni kilekile, na kwa kuwa plagi yetu ilikatwa kutoka ufito uliokazwa pamoja na kipande cha majaribio, ugumu nao ulikuwa uleule na msasa ulizipita pande zote mbili kwa kiwango kimoja. Udhaifu wa plagi ya kawaida ni mpaka wake. Hesi inapofika usoni hukatika kwa mzingo usio mkamilifu, sehemu moja jino likiwa zima na sehemu nyingine likiwa limemegeka, na mpaka huo wa kusagika ndio unaoonekana.

Dawa yake ni kutoiruhusu hesi ifike usoni. Mdomo wa tundu huchongwa kwa mteremko wa koni, na plagi hupewa bega lenye koni ileile, ili plagi inapokazwa bega likalie mdomo kama vali inavyokalia kiti chake, hesi ikibaki chini ikivuta. Kinachobaki usoni ni duara moja kamili la chuma kilichobanwa dhidi ya chuma. Kwenye kipande chakavu, baada ya msasa, nililitafuta duara hilo kwa macho matupu kwa dakika nzima ndipo nikalipata. Nilimpigia mzee simu kumwambia kwamba leza nimeiacha.

Palibaki hesabu moja iliyonikosesha usingizi kuliko kutoboa kwenyewe. Tundu sahihi la mbele la kishikio lilikuwa milimita 4.3 tu kutoka katikati ya alama iliyokosewa, na skrubu ya kishikio ilikuwa na upana wa milimita 3.5. Kama ningetumia plagi ya M3, yaani yenye hesi ya upana wa milimita 3, ukuta wa chuma kati ya hesi mbili ungekuwa milimita 1 na kidogo. Skrubu ile ndiyo inayobeba nguvu yote ya mkono unapovuta slaidi, na kila risasi huitikisa. Nilishuka hadi M2.5, ambayo ingeacha ukuta wa milimita 1.3 chini na kupungua hadi milimita 1 na ushei kwenye mdomo wa koni peke yake, wenye upana wa milimita 3 na kina kisichofika nusu milimita. Ongezeko la robo milimita laweza kuonekana dogo, lakini kwa ukuta wa unene huo ni zaidi ya sehemu ya tano. Tena plagi iliyojaza tundu si sawa na tundu tupu: ukuta ukisukumwa, una kitu cha kuegemea.

Slaidi ilishikwa kwenye jiliwa la mashine ya milingi kwa taya za alumini, na ubavu wake ukalinganishwa kwa saa ya kupimia hadi sindano isitikisike kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Kitovu cha alama nilikitafuta kwa saa hiyohiyo iliyozungushwa ndani ya koni, si kwa jicho. Tundu lilitobolewa kwa biti ya milimita 2.15 hadi kina cha milimita 4.5, likabakiza zaidi ya milimita 3 kabla ya njia ya pini ya kufyatulia. Vitabu hutaka biti ya 2.05 kwa hesi ya M2.5, nami niliiongeza kwa makusudi: plagi haibebi mzigo, kwa hiyo hesi yenye meno mafupi inatosha, na tapu, chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, ikikata meno mafupi haivunjiki kirahisi. Tapu ya unene ule ikivunjikia ndani ya tundu lililofungwa chini, katika chuma cha ugumu wa 39, humwacha fundi na tatizo ambalo lingelifanya lile la kwanza lionekane la kuchekesha. Nilitumia tapu tatu mpya, moja baada ya nyingine, kwa mafuta mengi, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, nikizitoa na kuzisafisha mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

Plagi ilikerezwa ikiwa na shina refu la kushikia, na chini ya shina, juu ya bega, niliichonga shingo nyembamba ya milimita 1.2. Baada ya tundu kuoshwa mafuta yote na kutiwa tone la gundi ya kufungia hesi, plagi ilikazwa kwa shina hilo hadi shingo ikakatika yenyewe. Kukatika huko ndiko kulikonijulisha kwamba bega limekaa, maana hakuna chombo cha kupimia mkazo kinachofaa kwa kitu kidogo namna ile. Nikaiacha usiku kucha.

Kilichobaki juu ya uso kilikuwa kibonge cha nusu milimita. Nilikipunguza kwa tupa laini, ubavu ukiwa umefunikwa kwa utepe pande zote, hadi tupa ilipoanza kuugusa utepe. Kisha nikautoa na kumalizia kwa jiwe la mafuta. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibikia, kwani fundi akiona amekaribia huenda kwenye gurudumu la kung'arishia, na gurudumu halijui ubapa ni nini: huzimeza kingo, huziburuta herufi zilizochongwa, na kuacha bonde mahali palipokuwa na kilima. Ubavu wa slaidi ulikuwa na jina la mtengenezaji karibu na katikati. Nilifunga msasa kwenye kipande cha chuma bapa na kwenda nao kwa mkono, namba 220 kwenye eneo la plagi tu, 320 kwa eneo pana kidogo, na 400 kwa ubavu mzima kutoka ncha hadi ncha, mkono ukienda upande mmoja bila kurudi, mipito michache tu ili herufi zisipoteze makali yake. Ubavu mzima ulikuwa lazima upitiwe, kwa sababu mistari ya zamani na mistari mipya haipatani hata namba ya msasa ikiwa moja. Pamba ya chuma sikuigusa. Huacha vichembe vya chuma cha kawaida kwenye stenlesi, na vichembe hivyo hushika kutu na kumpa mwenye mali hofu bure.

Mwisho slaidi ilioshwa na kulazwa katika maji vuguvugu yenye asidi ya sitriki, ili chuma huru kilichobaki usoni kiondoke na utando wa kromiamu ujijenge upya. Wengine hutumia asidi ya nitriki, lakini stenlesi zenye salfa zikikutana na nitriki isiyopimwa vizuri zinaweza kuliwa uso na kugeuka kijivu kwa dakika chache, na baada ya kufika hapo sikuwa na hamu ya kubahatisha.

Matundu mawili ya kishikio yalitobolewa baada ya plagi kukamilika, si kabla, ili ukuta ule mwembamba usikazwe na hesi ya plagi ukiwa tayari umetobolewa upande wa pili. Sikutumia kalipa kuyaweka mahali pake. Niliubana ukingo wa nyuma wa slaidi kwenye kizuizi, nikahesabu kwa mizunguko ya meza ya mashine, kisha nikakiweka kishikio chenyewe juu yake na kupitisha msumari wa kuhamishia alama kwenye matundu yake. Vipimo viwili vyenye vyanzo viwili tofauti viliangukia mahali pamoja.

Fundi mwenye leseni aliiunganisha bastola na kuikagua, na mzee akaenda nayo uwanjani. Baada ya risasi mia kadhaa aliniletea slaidi tena, kwa ombi langu. Nilikuwa nimechora mstari mwembamba wa rangi ukikatiza plagi na ubavu kabla ya kuiachia, na mstari huo ulikuwa bado umenyooka. Ukiondoa kishikio na kuinamisha slaidi chini ya taa ya pembeni, ikiwa imepakwa mafuta, duara linaonekana, jembamba kuliko mistari ya msasa inayolikatiza. Kishikio kikirudishwa, nusu yake hufunikwa. Mzee anadai kwamba nusu iliyobaki anaiona hata bila taa, nami sijabishana naye, kwa kuwa anajua pa kutazama.

Kalipa yake aliiacha karakanani. Nimekikatia kitufe cha sifuri kipete cha plastiki kilichokizunguka, kirefu kidogo kuliko kitufe chenyewe, ili kisiweze kubonyezwa na kidole gumba bali kwa ncha ya kalamu.